Alama za penseli za Mwalimu Protais

Mwalimu Protais alikuwa na penseli moja na kalamu moja, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Penseli ilikaa katika mfuko wa kushoto wa koti, biki ya buluu katika mfuko wa kulia. Kwa miaka ishirini na minane niliyolinda lango la shule yetu, huku upande wa Nyakarenzo, sikumwona hata siku moja akiichanganya mifuko hiyo. Nalisema jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililomfanya awe mwalimu ambaye sitaona mwingine wa aina yake kabla sijafa, na ndilo hilo hilo lililomwangusha mtoto aliyetaka sana apande darasa.

Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Kusoma nilijifunza nikiwa tayari baba wa watoto watatu, pale langoni, kwa karatasi ambazo upepo ulizitoa madarasani. Niliokota mitihani iliyosahihishwa, buletini za matokeo ya muhula zilizokosewa, barua za wazazi. Nikikutana na neno nisilolijua nilimngojea Protais atoke saa sita, nikamwonyesha kwa kidole. Hakunicheka. Alichukua penseli, akaliandika neno hilo kwa herufi nzuri pembeni ya karatasi, akasema, "Cassien, kesho wewe ndiye utakayeniambia." Na kesho yake aliniuliza kweli. Ndivyo nilivyosoma, na ndiyo maana nikiwasikia vijana wa sasa wakisema mtu hawezi kujifunza bila mashine, ninageuza uso nisije nikawatukana.

Mambo ya penseli yalianza mwaka wa tisini na tano. Shule ilipofunguliwa tena baada ya vita, Protais alipewa darasa lenye madawati sita na bila orodha yoyote. Aliingia asubuhi akawakuta watoto wamekaa chini, akaandika majina yao kwa penseli, kwa kuwa hakujua ni nani atakayekuwapo kesho. Wengine walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka wiki ile, wengine walikuwa njiani kwenda kwa shangazi, wengine walitaja jina moja Jumatatu na jina jingine Jumatano. Alasiri alilifuata kila jina mpaka nyumbani. Akimkuta mtu mzima wa kumwambia, "Huyu ni wetu, anakaa hapa," alitoa biki akaliandika jina upya kwa wino. Yako majina ambayo hayakupata wino. Daftari lile bado analo. Niliwahi kuliona.

Nchi ilipotulia, penseli ilibaki, ikahamia kwenye alama. Kila mwisho wa muhula Protais alisahihisha mitihani, akaziandika alama zote za darasa kwa penseli, kisha akaanza kuzunguka vilimani na daftari kwapani. Watoto arobaini na saba, nyumba arobaini na saba. Alisema alama haijawa alama mpaka mzazi ameisikia kwa sikio lake mwenyewe. Alifika, akaketi pale alipoonyeshwa, akauliza kwanza habari za mihogo na ng'ombe. Akina baba wengine walimtania.

"Mwalimu, weka tisini kwanza, tutaongea baadaye."

"Tisini nitampa ng'ombe wako, naona amenenepa. Mtoto wako ana hamsini na mbili."

Basi walicheka, halafu maneno ya kweli yakatoka: kwamba mtoto alikuwa akiugua tumbo, kwamba analala kwa bibi yake ambaye hana taa, kwamba baba ameondoka. Alama yenyewe Protais hakuibadilisha kamwe. Lakini aliandika pembeni aliyoyasikia, akampa mzazi karatasi za mtihani azitunze, akatoa biki, akaiandika alama kwa wino mbele ya macho ya mzazi, akafuta penseli iliyobaki kwa ncha ya ufutio. Baada ya hapo ndipo alipoandika maoni kwenye buletini, na maoni yake yalikuwa ya mtoto yule mmoja tu. Mwanangu wa pili aliandikiwa: "Anajua jibu lakini anangoja mwingine aseme kwanza." Leo mwanangu huyo ni mtu mzima, ana kazi Kamembe, na bado yuko hivyo hivyo.

Siku hizi maoni yanaandikwa na mfumo. Alama zinaingizwa kwenye kompyuta ya ofisi, mfumo unajumlisha, unagawa, unatoa karatasi yenye vijumba, na mwisho wake pana sentensi moja ambayo mashine imeichagua kulingana na alama. Mwaka juzi nilihesabu katika darasa moja watoto kumi na tisa walioambiwa neno lile lile, tena kwa Kiingereza, na mmoja wao alikuwa amehama tangu muhula wa kwanza. Mzazi anaweza pia kuletewa matokeo kwenye simu. Anayapata akiwa sokoni, ameshika kitunguu, anasoma namba, anairudisha simu mfukoni. Hakuna aliyemwambia mtoto wake ni nani.

Nimefika kwa Benitha, mtoto niliyemtaja mwanzoni.

Benitha alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Mama yake, Niyonshuti, ni miongoni mwa wale waliokulia kule na wakarudi, na mpaka leo anaongea Kiswahili cha kule. Walipokuja kupanga kwenye nyumba ya Maman Concessa, chini ya barabara, mtoto alikuwa anamaliza darasa la tatu kwa Kifaransa. Hapa akarudishwa la pili, kwa sababu ya Kiingereza, na mwaka uliofuata akaambiwa arudie tena la pili. Hivyo alipofika darasa la tano alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko wenzake wote, na kuliko walimu wawili. Watoto walimwita "Shangazi". Alikuwa anaitika, ili yaishe.

Niyonshuti alikuwa anauza nyanya. Kila asubuhi alivuka mpaka pale Rusizi ya kwanza na beseni kichwani, na kila jioni alirudi na beseni tupu. Siku moja alisimama langoni kwangu, akaangalia watoto wakiwa mstarini, akaniambia:

"Mzee Cassien, uko unaona yule mrefu wa nyuma? Njo wangu. Amesharudia mara mbili. Akirudia tena, hatakubali kurudi huku. Ameniapia. Na mie sitamufunga kamba."

"Hatarudia. Yuko kwa Protais."

"Njo maana ninalala usingizi."

Na kweli mtoto alikuwa akipanda. Muhula wa kwanza alipata sabini na moja kwa mia, wa pili sitini na nane. Kwenye buletini ya Pasaka Protais alikuwa amemwandikia, "Anawasaidia wenzake, lakini hajui kuomba msaada." Niyonshuti aliileta nimsomee. Alinifanya niisome mara tatu.

Mwezi wa sita mama mzazi wa Niyonshuti, bibi yake Benitha, akaugua huko Bukavu. Niyonshuti akavuka, akabaki, akamwacha Benitha kwa Concessa. Mitihani ikafanywa. Protais akasahihisha, akajaza daftari kwa penseli, akaanza kuzunguka. Ilikuwa zamu yake ya mwisho, kwani mwaka ule ndio aliokuwa anastaafu, na nadhani alitembea polepole kwa makusudi. Kwa siku tisa alimaliza nyumba arobaini na sita. Kwa Concessa alikwenda mara mbili bila kumkuta mama wa mtoto, na Concessa, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alimpokea hivi:

"Mwalimu, umekuja tena? Watu watasema unanitongoza."

"Ninamtafuta mama wa Benitha."

"Hayuko. Niambie mimi, nitamwambia. Au mpigie simu, simu anayo."

"Alama ya mtoto haiachwi kwa jirani, Maman Concessa. Na haisemwi kwenye simu."

"Basi ikae kwenye daftari lako ioze."

Concessa mwenyewe alinisimulia maneno hayo baadaye, akilia, kana kwamba yeye ndiye aliyeloga.

Hapa lazima nieleze jambo la ofisi. Miaka michache kabla, ilisemekana kuwa katika shule fulani, mbali na hapa, mwalimu alifuta alama za penseli akaandika nyingine. Tangu hapo mkuu wetu wa shule, Bwana Gratien, alibandika tangazo ukutani: katika daftari la alama, kilichoandikwa kwa wino tu ndicho kinachohesabiwa. Protais alilisoma kama wote. Hakuona linamhusu, maana kila mwaka kabla ya siku ya kuingiza alama alikuwa ameshamaliza nyumba zote. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, miaka yote.

Mwaka ule ikaletwa mapema, Jumanne ya wiki hiyo hiyo, mwisho saa kumi na moja jioni. Habari ilipita kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu. Simu ya Protais ni ile ya vitufe, yenye tochi. Kila mtu alidhani kuna mwingine aliyemwambia.

Jumanne asubuhi Gasaro, katibu wa shule, alipita madarasani akikusanya madaftari. Gasaro si mtu mbaya. Ni msichana aliyesoma, mnyenyekevu, ananisalimia kwa mikono miwili. Alimwambia Protais, "Mwalimu, naomba daftari, nitalirudisha saa sita," naye akampa, kwani si mara ya kwanza ofisi kutazama daftari lake. Hakuuliza la nini. Gasaro akaketi, akaingiza mistari arobaini na sita ya wino. Alipofika kwenye mstari mmoja wa penseli akasita. Aliniambia kwamba alifikiri labda mtoto yule aliacha shule, au mwalimu mwenyewe alikuwa hajaamini alama zile. Alitaka kumwuliza, akaitwa na mkuu kupokea wageni, akasahau. Akaacha nafasi tupu. Mfumo haukubali nafasi tupu. Ukajaza sifuri.

Saa sita akarudisha daftari. Saa nane Protais alipita langoni na koti lake, akaniambia ameambiwa Niyonshuti amerudi asubuhi ile kuchukua nguo, anamwahi kabla hajavuka tena. Alikuwa na furaha kama mtu anayekwenda kuposa.

Alimkuta. Niyonshuti alikuwa amepiga magoti anafunga furushi. Protais akaketi kwenye kigoda, akauliza kwanza juu ya mgonjwa. Kisha akafungua daftari.

"Maman Benitha, mtoto ana sabini na nne."

"Mwalimu, usinichekeshe, niko na uchungu wa mama."

"Sabini na nne. Ni wa sita katika darasa."

Niyonshuti alikaa chini kabisa, miguu mbele. Akamwita Benitha kutoka nyuma ya nyumba, akamfanya asimame, akamtazama kuanzia miguuni mpaka juu, na safari ni ndefu. "Weye," akamwambia, "unajua kufanya hivi na unaninyamazia?" Benitha akaficha uso kwenye kiwiko. Protais akampa mama karatasi za mtihani. Niyonshuti akasema atavuka nazo, ampelekee bibi azione kabla hajafa. Ndipo Protais alipotoa biki mfuko wa kulia, akaandika sabini na nne kwa wino, akafuta penseli, akapuliza vumbi la ufutio. Hiyo ilikuwa saa tisa na nusu. Mfumo ulikuwa bado wazi kwa saa moja na nusu, na daftari lilikuwa sasa sawa kabisa, kila mstari wino, juu ya magoti yake, kwenye kigoda, chini ya barabara.

Akarudi langoni akaketi nami kwenye benchi. "Nimemaliza, Cassien," akasema. Alitoa penseli akaitazama. Ilikuwa imebaki fupi kama kidole cha mwisho. Tukaongea juu ya mvua mpaka saa kumi na moja ikapita.

Zamani matokeo yalitangazwa uani. Mwalimu alisimama juu ya kiti, akasoma majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, wazazi wakipiga vigelegele, na yule wa mwisho mama yake alimkumbatia upesi ili asionekane analia. Nasikia leo wanasema ilikuwa kuwaaibisha watoto. Huenda. Lakini mwalimu aliyesoma jina alimjua mwenye jina, na kama lingerukwa angeona kwa macho. Ijumaa ile Gasaro alibandika karatasi tatu kwenye ukuta wa ofisi na wazazi wakasukumana. Niyonshuti alikuwa amevuka kurudi kwa ajili ya siku hiyo tu, amevaa kitenge kipya. Hakuweza kusoma karatasi ile, akanivuta mkono.

Niliipata mistari ya darasa la tano. Nilipita kwa kidole. Jina la Benitha lilikuwa chini, penye kichwa cha watakaorudia. Wastani wa mwaka: arobaini na sita kwa mia.

"Soma," akasema.

"Ngoja, nakosea."

"Mzee, soma. Unajua kusoma weye."

Nikasoma. Benitha alikuwa nyuma yetu, na kwa urefu wake alikuwa ameshaona juu ya vichwa vyetu. Nilipogeuka niliona mgongo wake tu, ukishuka barabarani bila kukimbia.

Protais alikuja mbio, daftari mkononi, koti wazi. Aliisoma karatasi, akafungua daftari, akasoma, akarudia karatasi. Kisha akaenda kwa Gratien, sote nyuma yake. Gratien alimwita Gasaro. Gasaro alifungua mashine, na pale kwenye muhula wa tatu pakawa na sifuri. Binti wa watu akashika mdomo.

"Mwalimu, mstari huu ulikuwa penseli."

"Ulikuwa penseli asubuhi. Alasiri niliuandika wino, mbele ya mama yake. Mama, sema."

"Aliandika, niliona kwa macho," akasema Niyonshuti.

"Basi weka sabini na nne," Protais akamwambia Gasaro, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto afute ubao.

Gasaro akamtazama Gratien. Gratien akavua miwani. "Mwalimu Protais, mfumo ulifungwa Jumanne. Mimi siwezi kuufungua, na yeye hawezi. Wako wanaoweza kwenye ofisi ya elimu Kamembe, au juu zaidi. Jumatatu nenda. Nitakupa barua."

Jumatatu tulikwenda, Protais, Niyonshuti na mimi. Protais alitaka niwe shahidi, kwa kuwa nilimwona akitoka saa nane na kurudi. Tulipanda pikipiki tatu, tukashuka kwenye stendi ya Kamembe, tukapita katikati ya soko, na Niyonshuti akasalimiwa na wauza nyanya wenzake waliomwuliza kwa nini amevaa vile siku ya kazi. Ofisini tulingoja mpaka saa tano. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililoniumiza. Kama angetutukana ningejua la kufanya. Alituletea viti. Alisoma barua yote. Akaomba daftari.

Aliliinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Nami niliona alichokiona. Mistari arobaini na sita ilikuwa na wino wa siku nyingi mbalimbali, na mmoja ulikuwa na doa la ufutio chini ya namba, jeupe na bichi kuliko madoa ya mistari mingine.

"Muzehe, hapa pamefutwa."

"Penseli ndiyo iliyofutwa. Chini yake ilikuwa namba ile ile."

"Nakuamini. Lakini wino uliandikwa lini?"

Protais hakuwahi kujifunza kusema uongo, na kwa umri ule mtu haanzi. "Jumanne. Saa tisa na nusu."

"Na alama ziliingizwa lini?"

"Asubuhi."

Kijana akafunga daftari. Kisha akasema polepole, kama anayeomba radhi, kwamba kwenye macho ya watakaokagua, daftari hili limebadilishwa baada ya alama kuingizwa, na kwamba akiipeleka kesi hii mbele, atakayeangaliwa kwanza si mtoto, ni mwalimu, tena mwalimu aliyebakiza wiki mbili astaafu. Akauliza kama mitihani yenyewe ipo. Niyonshuti akafungua furushi lake upesi, akatoa karatasi zile, zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Bibi alikuwa ameziona. Zilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua.

"Zilikuwa wapi, Maman?"

"Ku Bukavu. Nilimuonyesha mama yangu."

Kijana akazipanga sawa juu ya meza, akazisoma moja moja. Aliona sabini na nne, iko pale kwa mkono wa mwalimu. Akazirudisha kwa mikono miwili. Karatasi zilizotoka shuleni, akasema, zikavuka na mpaka, haziwezi kurudi kuwa ushahidi. Aligeuza kioo cha kompyuta upande wetu ili tuone kwamba hakuna anachotuficha. Palikuwa na jina la Benitha, pana sifuri, na kila alipoibonyeza hakuna kilichotokea.

"Hata mimi sina pa kubonyeza," akasema.

Protais akasimama. "Andika kwamba nimebadilisha," akasema. "Andika mimi ni mwizi wa alama. Lakini yeye apande."

"Nikiandika hivyo, Muzehe, ndipo hatapanda kabisa."

Niyonshuti alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetazama mchezo ambao hakuelezwa sheria zake. "Sasa," akauliza, "kila muntu hapa anajua mutoto amepita, sivyo?"

Kijana aliitikia kwa kichwa.

"Na atarudia?"

Kijana akakirudisha kioo upande wake. Niyonshuti akafunga furushi.

Nimetafuta wa kumlaumu tangu siku ile, na mimi ni mtu hodari kwa kulaumu. Nimelaumu mashine, nimelaumu WhatsApp, nimemlaumu Gasaro mpaka akaacha kunisalimia kwa mikono miwili. Lakini usiku na mchana narudi pale pale: kama Protais angekuwa mwalimu kama hawa wengine, anayeketi siku moja na kumwaga wino kwenye mistari yote bila kujua mlango wa mtoto hata mmoja, Benitha angekuwa darasa la sita. Alikosa kwa sababu alikuwa na mwalimu aliyemtafuta mama yake mara tatu. Sijui jambo hilo niliweke wapi. Lingekuwa shati ningelivua.

Protais alistaafu. Walimnunulia blanketi na saa ya ukutani, wakapiga picha. Sasa anakaa kwake juu ya kilima, na nikienda tunaongea habari za maharage. Alikwenda kwa Concessa mara ya nne, kabla ya shule kufunguliwa, kumwomba Benitha msamaha. Benitha alimletea kiti na maji ya kunywa, akasimama mlangoni mikono nyuma, kama darasani. Alipomaliza kusema, mtoto akamwambia, "Haina shida, Mwalimu." Ndivyo alivyozoea kuitika ili yaishe.

Mwezi wa tisa nilipogonga kengele, Benitha alikuja. Nasema ukweli, alikuja. Alisimama kwenye mstari wa darasa la tano katikati ya watoto wanaomfika kwapani. Siku ya pili alikuja pia. Nilisikia kicheko kutoka mstarini na sikutaka kujua kilikuwa cha nini. Siku ya tatu nilitazama barabara mpaka saa mbili na nusu, kisha nikafunga lango, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu.

Wiki moja baadaye Niyonshuti alipita asubuhi na beseni la nyanya, na nyuma yake Benitha na beseni la vitunguu, kichwa kimenyooka, anatembea vizuri kuliko mama yake. Bibi alikuwa ameshakufa na walikuwa wamenyoa nywele. Niyonshuti alisimama, akatua beseni, akanipa simu yake.

"Mzee, nisomee. Kila siku saa nne inalia. Niko ku mpaka, kwenye mstari, inalia."

Nilizisoma jumbe zilizoingia. Zilikuwa tano, za siku tano, zote sawa, kutoka kwenye mfumo. Zilisema: Mzazi mpendwa, mtoto wako Benitha wa darasa la tano hakufika shuleni leo.

"Inasema nini?"

Nikamwambia.

Alimtazama Benitha aliyesimama kando yake na vitunguu. Benitha alitazama uwanja, wenzake wa mwaka jana wakiingia darasa la sita.

"Ujibu," Niyonshuti akaniambia. "Uandike kama niko naye hapa. Uandike baache kutuma."

Nilibonyeza, nikaandika kwa shida kwenye vitufe vile vidogo, nikatuma. Ikarudi. Nikatuma tena, ikarudi tena. Namba ile haipokei majibu. Nilimrudishia simu, nikalishika beseni lake kumsaidia kulipandisha kichwani, nao wakashuka, mama mbele, mtoto nyuma, kuelekea barabara ya Kamembe. Saa nne, nikiwa langoni, nilijua kwamba huko mpakani inalia.